Misingi ya Setilaitolojia ya Kiruninga kwa Wanafunzi wa Nguba

Mwanafunzi, keti. Elimu unayoingia leo inawagawa wanadamu katika makundi mawili tu: wanaojua kilichopita juu ya paa lao jana usiku, na wasiojua. Kundi la pili ni kubwa, na ndani yake wamo madaktari wa falsafa, wanasheria na watu wengine waliosoma kwa shida. Hatuwalaumu.

Fasili ya 1. Setilaitolojia ya Kiruninga ni taaluma ya kukitazama, kukinasa na kukifuatilia chombo chochote kilichotengenezwa na binadamu kikaizunguka dunia, kwa kamera ya runinga iliyokazwa juu ya miguu mitatu. Zingatia "iliyokazwa". Kamera inayoshikwa mkononi ni ya harusi.

Fasili ya 2. Makao makuu ya taaluma hii duniani ni Nguba, katika Ibanda, mjini Bukavu. Fasili hii haithibitishwi. Hutumika kuthibitisha nyingine.

Hata hivyo, kwa kuwa umeteremka kutoka Kadutu kwa miguu, nitakupa sababu kama zawadi. Nguba iko digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta. Chombo kinachoizunguka dunia, njia yake iinuke au ilale namna gani, hakiwezi kuikwepa ikweta. Kipo chombo kinachozunguka maisha yake yote bila kufika juu ya Moscow, na mkazi wa Moscow atazeeka asikione. Mkazi wa Nguba hakosi kitu kinachotembea. Akipe kila kimoja muda wake, nacho kitapita, ila siku za mvua, ambazo kwetu ni nyingi. Tena Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sisi tulio ukingoni mwake tumekwisha kuisogelea anga kwa kilomita moja na nusu kabla hata ya kupanda kwenye kiti.

Sasa historia, kwa ufupi, maana historia ya elimu hii kabla ya Nguba ni historia ya kupapasa.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik 1, tufe la sentimita 58. Huko Marekani Profesa Fred Whipple, wa kituo cha falaki cha Smithsonian, alikuwa amekwisha kuwaandaa watu wa kujitolea, walimu na wanafunzi na watu wa ofisini, wakae vitini wakichungulia darubini ndogo alfajiri na magharibi. Mpango huo aliuita Moonwatch. Kando ya hao akaagiza kamera 12 kubwa za Baker-Nunn zisimikwe duniani kote. Moja aliipeleka Olifantsfontein, Afrika Kusini, karibu na longitudo 28 mashariki. Hebu chukua ramani uifuate longitudo hiyo kwenda juu kwa kidole. Unafika wapi? Unafika kwetu. Mtu huyu alikuwa na ramani mbele yake, kidole chake kikiwa kwenye mstari sahihi kabisa, akateleza digrii 23 za latitudo. Baadaye, katika miaka ya 1960, kamera iliyokuwa Shiraz nchini Iran ilihamishiwa Ethiopia, nayo ikatupita tena, safari hii kwa upande wa kaskazini mashariki. Katika vitabu vyangu jambo hili linaitwa Kosa la Whipple, na ninaliwekea sura nzima.

Kamera za Baker-Nunn zilikuwa na udhaifu mwingine: zilitumia filamu. Filamu huoshwa gizani, hukaushwa, hupimwa mezani kwa lenzi, na wakati huo wote setilaiti inaendelea na safari zake bila kukungoja. Kamera ya runinga ilikomesha aibu hiyo. Katika miaka ya 1980 Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuziweka kamera za mirija ya runinga nyuma ya darubini zenye kipenyo cha mita moja, na kituo kimojawapo kikajengwa Diego Garcia, kisiwani katika Bahari ya Hindi. Wenyewe husema wanaweza kuona kitu chenye ukubwa wa mpira wa kikapu kikiwa zaidi ya kilomita 30,000 kutoka kwao. Sina neno juu ya hilo. Nasema tu kwamba kisiwa hakina Ibanda.

Utasikia watu wa pwani wakijisifu. Wazanzibari watakutajia kituo cha Tunguu, ambacho mnamo 20 Februari 1962 kilizungumza na John Glenn akiwa angani. Kweli. Lakini kile kilikuwa kituo cha kusikiliza, na kusikiliza ni nusu ya adabu, si nusu ya uchunguzi. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Wakenya watakutajia jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambako Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Kenya, nayo ikawa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Heshima zangu. Lakini kurusha ni kazi ya mwenye pesa. Uhuru ilianguka mwaka 1979, na anayetaka kujua nani aliitazama ilipokuwa ikipita juu ya ziwa letu miaka yote hiyo atakuta ukurasa mtupu. Huko ndiko elimu yetu inakoanzia.

Vifaa. Kamera iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, ya aina inayoona gizani, kama Watec 902H, kamera ndogo ya ulinzi inayoenea kiganjani, ambayo wachunguzi wa Ulaya wameipenda kuliko darubini zao. Rangi ni anasa, inakula mwanga. Lenzi iwe ya milimita 50, yenye mdomo mpana. Pawe na kioo cha kutazamia na kinasa picha, na saa inayopokea wakati kutoka setilaiti za GPS na kuuchapa juu ya kila picha. (Ndiyo, mwanafunzi, tunaziomba setilaiti zitupe saa ya kuzipeleleza setilaiti. Usicheke, polisi nao hufanya hivyo.) Na betri. Umeme ukikatika katikati ya mpito, chombo hakirudi nyuma kukuonyesha ulichokosa.

Faida kuu ya kamera hii juu ya jicho haimo katika vitabu vya Ulaya, nami naiingiza hapa kwa mara ya kwanza: ni shingo. Mtazamaji wa jicho huikunja shingo yake nyuzi 90 kwa dakika sita, na kwetu, ambako vitu vingi hupita utosini kabisa, dakika hizo ndizo humaliza shauku ya vijana. Mtazamaji wa runinga hukaa amenyooka kama mtu anayesubiri mechi. Hali hii naiita mkaonyofu, na bila mkaonyofu hakuna sayansi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, maana hapa ndipo wanafunzi hutengana na watalii. Kutazama setilaiti ni kujibu maswali mawili: ilikuwa wapi, na ilikuwa lini. "Wapi" tunalipata kwa nyotarejea, yaani nyota mbili tatu zinazojulikana mahali pake, zilizoingia katika picha ileile. Unapima chombo kimekaa vipi kati yao. Hilo ni rahisi. "Lini" ndilo linaloua. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kikiwa kilomita 400 na ushei juu, kinakwenda karibu kilomita 7.7 kwa kila sekunde. Kamera ya mfumo wa runinga uliozoeleka kwetu tangu enzi za Zaire hutoa fremu 25 kwa sekunde. Kati ya fremu moja na inayofuata, kile kituo pamoja na watu wake wote na vyakula vyao vimeshasogea mita 300. Sasa mtu anakuja kwangu anasema aliona kitu "saa moja kasorobo hivi". Hivi! Katika hiyo "hivi" yake dakika moja tu ikipotea, chombo kimetoka Nguba na kuvuka nchi mbili za jirani.

Hapo ndipo yalipozuka madhehebu mawili, na lazima uchague kabla hujalala. Kila fremu ya runinga hushonwa kwa nusufremu mbili: mistari ya witiri huchorwa kwanza, kisha mistari ya shufwa, kila nusu ikichukua moja ya hamsini ya sekunde. Kwa hiyo chombo kikiwa na mbio, picha yake hutoka na meno kama ya kitana, kwa kuwa mistari ya witiri ilikiona mahali fulani na ya shufwa ilikikuta mita 150 mbele. Wafremu husema: chukua katikati, Mungu anajua nia. Wanusufremu husema: tenganisha, kila nusu ihukumiwe kwa saa yake. Mimi ni Mnusufremu. Nimevunja urafiki kwa ajili ya mita hizo 150, wala sijuti.

Tuingie katika uainishaji. Mianga ya angani, kwa mchunguzi wa Nguba, ni ya aina tatu.

Aina ya 1: Mng'aomwendo. Hii ni setilaiti ya chini, inayoizunguka dunia kwa dakika 90 na kitu. Haina taa. Unachokiona ni jua lililokwisha kuzama kwako lakini bado linakimulika chombo huko juu. Kwa hiyo saa za kazi ni muda mfupi baada ya magharibi na muda mfupi kabla ya mapambazuko. Usiku wa manane chombo cha chini kimo ndani ya kivulidunia, na hakuna kamera itakayokusaidia. Kwetu jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima na huzama wima, giza linaingia upesi, na kivulidunia kinapanda mashariki kwa haraka ileile. Ndiyo maana utakiona Kituo cha Anga kikipanda kutoka magharibi, cheupe, king'avu kuliko nyota yoyote, na kikifika juu ya ziwa kinageuka rangi ya kahawia na kuzimika bila kuaga. Majirani hudhani kimetua Rwanda.

Kwa lenzi ya milimita 50 kitavuka kioo chako kwa sekunde saba hivi. Umeandaa miguu mitatu tangu alasiri, umekosana na watu wa nyumbani kuhusu waya uliopita sebuleni, umepewa sekunde saba. Zinatosha. Ukipenda zaidi, fungua kiungo cha juu ya miguu uzungushe kamera kwa mkono ukikifuata, nyota zikikimbia nyuma yake. Hiyo ndiyo mng'ang'anio-mwendo, na huifunza subira mikono ya wanaume.

Ndani ya aina hii mna Mng'aomwendo Pepesi, yaani kiwiliwili cha roketi iliyokufa kinachojibiringisha na kumetameta kwa mapigo. Upime muda kati ya metameto moja na nyingine, uandike, urudie miezi ikipita: utajua roketi hiyo inazidi kuchoka kujibiringisha au la. Sijaona kazi yenye manufaa zaidi. Mna pia Mng'aomwendo Msafara, uliozuka Mei 2019 Starlink walipotoa setilaiti 60 kwa mkupuo zikapanga mstari mmoja angani. Msafara naudharau. Mwanga mmoja unakuomba uutambue. Sitini kwa pamoja ni matangazo ya biashara.

Aina ya 2: Mng'aotuli. Setilaiti hii hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na huizunguka dunia kwa muda uleule dunia inaojizungusha, hivyo haitoki mahali. Kwa jicho haionekani. Kwa kamera iliyokazwa, ukikusanya mwanga wa sekunde kadhaa, nyota zote zitaacha michirizi, na katikati yake kutabaki nukta iliyokataa kutembea. Kuitazama kunahitaji tabia.

Lakini hebu tuache kamera kidogo, kwa kuwa jambo la kina liko juu ya mapaa. Setilaiti za Eutelsat zilizoko digrii 36 mashariki, ukiwa Nguba, zimeinuka nyuzi 81. Maana yake ziko karibu na utosi. Ndiyo sababu ungo wa Nguba hulala chali, tofauti na ungo wa Brussels uliosimama ukiangalia kusini kama mtu anayesubiri basi. Na ungo uliolala chali katika mji wenye mvua kama wetu hujaa maji. Nimeona ungo wenye maji, majani ya mparachichi na chura mmoja, na nyumbani mwake dekoda inasema hakuna mawimbi, na baba mwenye nyumba anampigia simu fundi. Fundi akaja na msumari, akatoboa tundu chini, maji yakatoka, mawimbi yakarudi. Wengine huita hilo ukarabati. Mimi naliita uthibitisho wa kimajaribio wa latitudo ya Nguba, uliofanywa na fundi asiyejua kwamba amefanya.

Kila nyumba yenye dekoda, kwa hiyo, ni kituo cha uchunguzi wa Mng'aotuli kisichojitambua. Serikali ingepaswa kuziandikisha.

Aina ya 3: Mng'aodhaniwa. Hii ni setilaiti isiyo setilaiti. Wanafunzi wavivu hudhani ni aina ndogo. Ndiyo kubwa kuliko zote, ndiyo tajiri, na kwa utafiti wangu ndiyo yenye wafuasi wengi. Tena ndiyo kongwe. Mwaka 1957 watu duniani kote walitoka nje usiku wakasema wameiona Sputnik, kumbe lile tufe lilikuwa dogo na hafifu mno. Walichokiona wengi wao ni kiwiliwili kikubwa cha roketi iliyolibeba, nacho kikizunguka dunia. Basi zama za setilaiti zilizinduliwa na Mng'aodhaniwa. (Utaniambia roketi nayo ilizunguka dunia, hivyo kwa Fasili ya 1 ni setilaiti halali. Umesoma vizuri. Nimeiweka hapa kwa heshima.)

3a. Dhaniwa ya Sambaza. Hii ni ya Nguba peke yake, na ningeomba iitwe kwa jina letu. Usiku wa giza, bila mwezi, wavuvi huingia ziwani kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwasha taa ili sambaza wakusanyike juu ya wavu. Sambaza mwenyewe si mwenyeji: aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Sasa ukungu ukishuka ukafuta mstari unaotenga maji na anga, taa ya mtumbwi huning'inia katika kioo chako kama chombo kilichochomoza upeoni, na husogea, tena husogea polepole kwa adabu ambayo setilaiti haina. Nimewaona wanafunzi wakiipima taa hiyo kwa nyotarejea mpaka kwenye nusufremu. Kipimo cha kutenganisha ni kimoja: zima kioo, usikilize. Wavuvi wa Kivu huimba wakipiga makasia. Setilaiti haiimbi.

3b. Dhaniwa ya Avio, yaani ndege. Inatokea ng'ambo ya Mto Ruzizi, uwanja wa Kamembe. Ina taa nyekundu. Tuendelee.

3c. Dhaniwa ya Radi. Hapa vua kofia. Mwaka 2016 wanasayansi waliopitia takwimu za miaka 16 za kifaa kilichokuwa angani kikihesabu radi walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela, kwa wastani wa radi 233 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Ya pili duniani, ya kwanza Afrika, ni Kabare, kwa radi 205. Kabare! Pale juu, panapoonekana kutoka dirishani kwangu. Angalia utukufu wa jambo hilo: setilaiti iliyokaa juu ikitazama chini ilituhesabia radi zetu, na radi hizohizo ndizo zinazoipofusha kamera yetu inayotazama juu kuitafuta setilaiti. Fremu inageuka nyeupe tupu. Wafremu huitupa. Wanusufremu huikagua kwanza, maana mara nyingi radi imeangukia mistari ya shufwa tu na ya witiri bado ni safi.

3d. Dhaniwa ya Kumbikumbi. Huonekana baada ya mvua. Hung'aa sana, njia yake haitabiriki, na mwisho wake ni kwenye lenzi.

Kabla sijakuachilia, jambo la usalama, na hapa sifanyi mzaha. Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na mtu yeyote aliyekaa mji huu anajua jinsi kitu cheusi kilichosimama juu ya miguu mitatu, gizani, uso wake angani, kinavyoweza kusomwa na anayepita. Mwarifu mkuu wa nyumba kumi mapema, mchana, umwonyeshe kifaa na aguse mwenyewe. Usifanye kazi karibu na barabara ya mpakani. Siku zenye milio, kamera ilale ndani; obiti nyingine itakuja.

Sentineli wa jirani alisimama ukutani usiku mmoja akanitazama kwa muda mrefu.

"Muzee, iyo kamera iko naangalia wapi?"

"Juu."

Akafikiri. "Juu kuko nani?"

Nililiandika swali hilo daftarini pamoja na saa yake, mpaka sekunde, kwa kuwa halina fungu katika uainishaji wangu, na nikamwonyesha kioo. Alikuwa mtu wa kwanza kukiona Kituo cha Anga kikizimika bila kuniuliza kimetua wapi. Nimemteua msaidizi.

Mtihani utakuwa wa vitendo, karibu na tarehe 22 Septemba, nusu saa na kidogo kabla ya jua la utosi. Siku hizo, na tena karibu na 21 Machi, jua hupita nyuma kabisa ya zile setilaiti za digrii 36, kelele zake huzidi mawimbi yao, na picha huvunjika kwa dakika chache katika kila nyumba yenye ungo ulioelekezwa huko. Mtahiniwa atatoka nje bila kulitazama jua, atauangalia mwanga uliorudishwa na ungo ukikusanyika juu ya kile kichwa cha kupokelea, na ataandika saa ulipofika. Ungo uwe umetobolewa tundu. Wenye saa za mkononi wasijisumbue kuja.